Ng'ombe Aliyefichwa Ngana

Wewe umewahi kumwona ng'ombe anayemngoja mtu? Sisemi ng'ombe mwenye njaa, huyo anapiga kelele na kila mtu anajua anachotaka. Nasema yule anayekuja kusimama mahali pale pale kila jioni, masikio mbele, hacheui, halii, anatazama njia tu. Nzi wanamjaa machoni, hawafukuzi. Ukimwita jina anageuza sikio moja, lile jingine analiacha huko huko njiani.

Mimi nimemwona. Anaitwa Sekela, maana yake kwa Kinyakyusa ni furahi. Jina hilo alipewa na mwanangu Lugano, na ukiona mtu anampa jina hilo ndama aliyezaliwa mama yake akafa palepale, basi ujue ni mtu wa namna gani. Sisi wengine tulisema huyo hataishi hata tukimpa jina la malaika. Lugano alikwenda kuomba maziwa kwa jirani, akachovya vidole, akamnyonyesha vidole. Usiku alimlaza jikoni karibu na mafiga. Ndama huyo alinitafunia khanga yangu ya harusi ya Felista, binti yangu, nikamfukuza na mwiko. Lugano akacheka, akasema, "Mama, mwache, hajui kama wewe ni mkwe wake."

Hapa Ikolo nyumba yetu iko ndani ya migomba, mbele kuna mikokoa, na njia inatoka barabarani inapita katikati ya mikokoa hiyo mpaka uani. Lugano alikuwa mfanyabiashara. Alipeleka mchele na ndizi ng'ambo ya mpaka, Karonga, akarudi na usipa, wale dagaa wa ziwani. Alipofika pale njia inapoanza alishuka kwenye pikipiki akapiga mluzi, mluzi wa kushuka, kama mtu anayeteremsha mzigo. Sekela huku zizini anaitika. Mkewe Beatrice akisikia ng'ombe ameitika anaongeza maji kwenye sufuria ya wali. Hatukuhitaji simu.

Dada yake Sekela, wa mama yule yule, tulimwita Kijivu kwa rangi yake. Huyo alikuwa wa nyumba nzima. Sekela alikuwa wa Lugano.

Lugano alifia Karonga, sokoni, akiwa amesimama anaongea na mteja. Moyo, walisema. Asubuhi alikuwa ameniaga vizuri, nikamwambia ukirudi niletee sabuni. Ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga. Walimleta kwa gari la mtu aliyemfahamu, na sabuni yangu ilikuwa mfukoni mwake.

Sasa sikiliza. Lugano alikuwa na mtoto mmoja tu aliyepona utotoni, binti yake Tumpale. Mtoto yule alikuwa chuo, mbali, anasomea mifugo, na wiki ile ndiyo alikuwa ndani ya mitihani. Huku kwetu, na nasikia hata kwingine, mwanafunzi aliye kwenye mtihani haambiwi msiba. Watu wanaona ni huruma. Wanasema, aliyekufa hafufuki, kwa nini na huyu aanguke? Basi wazee wa ukoo walipokaa kupanga mazishi, jambo hilo halikuchukua hata muda wa kunywa chai. Reubeni, mdogo wake Lugano, alisema, "Shemeji, wewe unasemaje?"

Beatrice alikuwa amekaa mkekani karibu na mimi, kichwa tayari kimenyolewa. Akasema, "Asiambiwe. Baba yake alikuwa anasema mtoto huyu akimaliza nitavaa suti. Acha amalize."

Wazee wakasema umesema vema, mama. Mimi sauti yangu ilikuwa imekwisha kwa kulia, na hakuna aliyeniuliza.

Mchana wake Tumpale akapiga simu. Lugano alikuwa na desturi ya kumpigia kila asubuhi ya mtihani, na asubuhi hiyo hakupiga. Beatrice aliichukua simu akakimbilia nyuma ya jiko, ndani ya migomba, nami nilikuwa huko natafuta pa kunawa uso. Nilimwona anajifuta machozi kwa upindo wa kitenge kabla ya kupokea, utadhani mtoto atamwona. Halafu akacheka. Nakuambia alicheka.

"Baba yako? Yuko Karonga huko. Simu yake si unaijua ile? Betri haishiki chaji."

Uani wanawake walikuwa wanaomboleza, maana shangazi zake Tumpale walikuwa wanaingia kutoka kijiji cha Ngana.

"Hizo kelele? Kwaya hiyo, mwanangu. Wanafanya mazoezi. Haya, soma, usiongee sana."

Akakata simu, akaukumbatia mgomba kwa mikono miwili. Nilimwacha pale. Kuna wakati mtu huwezi kumpa hata mkono wa kushika.

Na kuna mwingine aliyefichwa siku hiyo. Ukoo wetu una desturi yake. Mwenye ng'ombe akifa, ng'ombe wake hutolewa zizini wakapitishwa mbele ya jeneza kabla halijafungwa. Baba mkwe wangu alisema ng'ombe hapewi habari kwa mdomo, hupewa kwa pua. Alipokufa yeye mwenyewe tulimpitishia ng'ombe wake, mmoja baada ya mmoja, wakanusa, wakapiga kelele, tukawarudisha. Watu wa dini wengine wanatusema kwa hilo, lakini mchungaji wetu ni wa hapa hapa, anageuza uso kidogo.

Lakini kuna desturi nyingine nayo, ya kuchinja. Msiba wa mtu mzima hauliwi na mboga za majani. Wazee wakiingia zizini wanachagua aliyenona, na aliyenona alikuwa Sekela, tena mwenye mimba changa ambayo ni Lugano na Reubeni tu waliokuwa wanaijua. Reubeni aliona hatari hiyo. Kabla wazee hawajafika, alimswaga Sekela mpaka Ngana kwa wakwe zake, akamfungia kwenye zizi la ugenini. Alifanya kwa wema. Alilia njia nzima akimswaga, aliniambia hivyo baadaye. Alisema, "Mama, nilijiambia nikimwokoa ng'ombe wa kaka, nimemwokoa kaka kidogo."

Kwa hiyo Kijivu alipitishwa mbele ya jeneza. Alinusa mkono wa Lugano, akatoa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitoa, akarudi nyuma, akamkanyaga mtu. Siku zile za matanga hakula vizuri. Kisha akala. Akaendelea na maisha yake kama sisi tulivyojaribu.

Sekela alirudishwa baada ya wageni kuondoka. Alipofika mwanzo wa njia, akaanza kukimbia. Kamba ilimchubua Reubeni kiganja. Alikimbia mpaka uani, akaingia zizini, akatoka, akazunguka nyumba, akaingiza kichwa mlangoni mwa jiko, akasimama. Kisha akarudi mpaka pale njia inapoanza, akageukia barabarani. Kaburi alilipita mara mbili bila kulitazama. Lilikuwa udongo tu kwake.

Tangu siku hiyo kila jioni ni pale. Mimba iliharibika. Manyoya ya usoni yakawa meupe, naye si mzee. Maziwa yakakatika. Jirani mmoja akasema amelogwa, mwingine akasema minyoo, tukampa dawa ya minyoo, akawa ng'ombe asiye na minyoo anayesimama njiani.

Tumpale alikuja mitihani ilipokwisha. Hatukuwa tumemwambia. Mpango ulikuwa Reubeni ampokee kwenye basi amwambie taratibu, lakini basi liliwahi, mtoto akachukua pikipiki mwenyewe. Nilikuwa uani nageuza kokoa mkekani. Nikasikia pikipiki inasimama pale kwenye njia. Sekela akaitika! Mara ya kwanza tangu msiba, na ya mwisho. Nikainua uso, nikamwona Tumpale anakuja kati ya mikokoa anacheka, mgongoni begi, na mkononi amebeba buti za mvua, mpya, nyeusi, zimefungwa pamoja kwa uzi. Alikuwa ameibana posho yake ya chuo kumnunulia baba yake buti za kuingilia majarubani.

"Bibi, shikamoo! Ugonile!" alipaza sauti. "Huyu mzee yuko wapi? Simu yake niivunje leo."

Beatrice akatoka jikoni. Kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi begani. Tumpale alimtazama mama yake kichwani. Akatazama pembeni ya nyumba, pale penye udongo mwekundu na mataji ya maua ya plastiki. Akatazama tena kichwa cha mama yake. Alikuwa bado ameshika zile buti.

"Lini?" akasema.

Beatrice akamwambia.

"Ile kwaya," akasema Tumpale.

Hakulia. Sisi tulilia upya, tukaanguka, shangazi wakaja mbio, na yeye alikwenda kuziweka zile buti chini ya kitanda cha baba yake, zimenyooka, kama mtu anayepanga viatu vya mgeni. Akatoka, akaniuliza kama nimekula.

Huo ndio ulikuwa mwaka wetu. Mtoto alikuja likizo zote, hakukosa hata moja, akafanya kazi zote, akalima, akapepeta. Kwa mama yake alisema "shikamoo" asubuhi, basi. Mengine yalipitia kwangu. Tumekaa jikoni watatu, magoti yanagusana, utasikia, "Bibi, mwambie Mama chumvi imezidi."

"Mama huyo hapo, mwambie mwenyewe."

"Mwambie tu, Bibi."

Na Beatrice anaangalia sufuria, anasema, "Bibi, mwambie nimesikia."

Nilikuwa kama mtu wa mitumbwi ya Ikombe, navusha mizigo ya watu huku na huku, mimi mwenyewe sishuki. Beatrice alikonda. Na Tumpale naye, ukimtazama vizuri, alikuwa anakonda pale pale alipokonda mama yake, hapa kwenye shingo. Kitu kimoja tu nilikuwa namwomba Mungu: mtoto huyu aseme. Atukane, apige kelele, avunje chungu, lakini aseme, kabla hajapata kazi huko mbali akaacha kuja kabisa. Maana nilishamsikia akimwambia rafiki yake kwenye simu kwamba akimaliza chuo ataomba apangiwe mkoa wowote, hata wa mwisho, si huku.

Likizo moja alikuja na sanduku la plastiki lenye barafu. Akasema anafanya utafiti wa kumalizia chuo, kuhusu ng'ombe na msongo wa mawazo. Reubeni akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ng'ombe ana mawazo gani, we mtoto? Anawaza ada ya shule?"

"Baba mdogo, nishikie kichwa, acha maneno."

Alitoa damu shingoni kwa Kijivu, akatoa kwa Sekela, akaitia kwenye vichupa vyenye vizibo vya zambarau. Kijivu aliipiga teke ndoo. Sekela hakusogea hata sindano ilipoingia. Tumpale alibaki amemwekea kiganja shingoni muda mrefu baada ya damu kwisha kutoka.

Mimi nilikuwa kizingitini nasokota kamba ya mgomba. Nikamwuliza, hiyo damu inakwambia nini? Akaja kukaa nami. Mambo ya ng'ombe alikuwa anayaongea vizuri, hapo sauti yake ilirudi.

"Bibi, ndani ya kila chembe ya mwili, chembe ndogo usiyoweza kuiona, kuna uzi mrefu. Umesokotwa. Uzi huo ndio unaosema huyu awe ng'ombe, huyu awe na rangi ya kijivu. Ndio vinasaba."

"Na pua yako hiyo ya Lugano?"

Akajigusa pua. "Na pua. Imo humo."

Nikamwonyesha kamba yangu. "Umesokotwa hivi?"

"Hivyo hivyo, nyuzi mbili." Akaishika, akaivuta. "Sasa mnyama akiwa na hofu, au upweke, au akiwa anangoja kitu ambacho hakiji, mwili wake unawasha moto. Moto kidogo si mbaya, ndio unaomfanya amkimbie chui. Lakini ukiwaka mchana kutwa, wiki kwa wiki, cheche zinaruka. Zinauunguza uzi. Unakatika."

"Haushonwi?"

"Unashonwa. Mwili una mafundi wake, kila siku wanashona. Ila moto usipozimwa, mafundi wanazidiwa. Kuna watu waliwapima kasuku wanaofungiwa kila mmoja peke yake. Ncha za nyuzi zao zilikuwa fupi kuliko za kasuku wanaokaa wawili wawili. Kasuku anapewa chakula, anapewa maji, hapigwi. Yuko peke yake tu."

Beatrice alikuwa anapita na kuni. Alisimama kidogo, akaendelea.

Mwaka ulipozunguka tukaweka siku ya kujengea kaburi. Fundi akaja na saruji, ndugu wakaanza kufika, na Tumpale akaja kutoka chuo. Asubuhi hiyo, kabla watu hawajawa wengi, alinivuta kando kwenye kivuli cha jiko, akanionyesha picha kwenye simu yake. Mle ndani kulikuwa na giza, na katika giza kulikuwa na madoa ya mwanga.

"Hizi ni chembe za Kijivu," akasema. Madoa yalikuwa mviringo, yametulia, kama mwezi ukiwa mzima. Akatelezesha kidole. "Hizi za Sekela."

Yalikuwa na mikia. Kila doa lina kichwa na mkia mrefu wa mwanga unaofifia, kama kimondo kinavyopita juu ya ziwa.

"Mazuri," nikasema, kwa ujinga wangu.

"Si mazuri, Bibi. Huo mkia ndio uzi uliokatika, vipande vinamwagika nje." Kisha akawa mwalimu. "Lakini siwezi kuandika kwamba ni huzuni. Ng'ombe wawili si ushahidi. Huenda ni mimba ile iliyoharibika, huenda ni ugonjwa. Niliwapima na wa shamba la chuo, waliotengwa na waliokaa kundini, na wale waliotengwa wengi walikuwa na mikia. Hao naweza kuwaandika. Sekela sikumwandika."

"Mbona ulimpima?"

Alifuta kioo cha simu kwa kidole. "Nilitaka kujua."

Nikamwuliza swali ambalo sikujua kama nina haki nalo. "Na mtu?"

"Mtu gani?"

"Mtu akingoja vile. Naye anakuwa na mikia?"

"Watu hatukupima, Bibi," akasema, akaizima simu. Nilipoinua macho nikamwona Beatrice amechuchumaa kwenye mkeka wa kokoa, mkono umesimama katikati ya punje. Alikuwa amesikia yote.

Ndipo Reubeni akaja, kisu kwenye mfuko wa gunia, mikono ya shati imekunjwa. Wazee walikuwa wameshakubaliana. Wa kuchinjwa ni Sekela.

"Mama, hana maziwa, hana mimba, anakula bure," aliniambia mimi, lakini kwa sauti ya kuwasikilizisha wote. "Mwaka jana nilimficha, na wema wangu umenirudia. Angechinjwa siku ile angekufa na furaha yake. Leo tummalize na msiba umalizike."

Tumpale alisimama. "Bibi, mwambie Baba mdogo, huyo ng'ombe hajaagana."

"Hajaagana na nani?" akasema Reubeni. "Mwaka mzima huo! Anampita ndugu yangu kaburini kila siku akienda malishoni."

"Hajui kama yuko humo. Hakuna aliyemwambia."

"Sasa nimwambieje? Nimwandikie barua?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, mwiko wake umejaa saruji. Tumpale hakucheka. Alisema polepole, "Mwenzake aliletwa akanusa. Yeye alifichwa. Mnamfichaje mtu, halafu mnamlaumu kwamba hajasahau?"

Alisema "mtu". Hakuna aliyemsahihisha.

Reubeni alifungua mdomo, lakini Beatrice alikuwa ameshainuka. Alijipangusa mikono, akatembea mpaka mwanzo wa njia, pale Sekela alipofungwa ili asisumbue wageni. Akafungua kamba. Mke wa marehemu haongozi ng'ombe mbele ya wazee, si kazi yake, na wazee walikohoa. Aliwapita na kukohoa kwao.

Aliingia ndani ya nyumba akimwacha Sekela mlangoni, akatoka na koti la Lugano, lile la kuendea Karonga, ambalo hakulifua mwaka mzima. Nilikuwa najua analo. Analiweka ndani ya mfuko wa nailoni, anaufunga, usiku anaufungua kidogo. Akalitandaza juu ya udongo wa kaburi ambao fundi hakuwa ameufunika. Akamsogeza Sekela.

Watu wote wakasogea. Hata watoto. Tumpale alikuja kusimama upande wa pili wa kaburi, amekunja mikono kifuani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliye chumba cha majibu hospitali.

Sekela akainamisha kichwa. Akalinusa koti, kola, halafu kwapani. Akapuliza pumzi, vumbi likaruka. Tukangoja. Mimi nilijikuta nimeshika mkono wa mtu, sijui wa nani. Ng'ombe akainua kichwa, akatazama barabarani, akainamisha tena. Kisha akanyoosha ulimi, akavuta ua la plastiki kwenye taji kuukuu, akaanza kutafuna.

Hakufanya kingine chochote. Alitafuna lile ua jekundu, akalitema, akajaribu la manjano.

"Ona basi, msomi," akasema Reubeni, bila ukali, karibu kwa upole. "Ng'ombe wako anakula maua ya marehemu."

Tumpale akacheka. Kicheko kilimtoka puani, akaziba mdomo, kikamtoka tena, na sisi tukaanza kucheka naye kwa sababu kweli ilichekesha, na Lugano angecheka kuliko wote. Halafu nikasikia kicheko chake kimebadilika. Kiliendelea lakini ndani yake kulikuwa na kilio. Akakaa kwenye udongo, akalivuta lile koti kutoka chini ya pua ya ng'ombe, akatia uso wake kwenye kola, palepale Sekela aliponusa.

"Buti hazina harufu yake," alisema ndani ya koti. "Kila nikija nazinusa. Zinanuka duka."

Reubeni alikiweka kile kisu chini, nyuma ya rundo la mchanga, mtu asikione. Akawaambia wazee kwamba wageni watakula samaki na kuku, na asiyetaka akalale njaa kwake. Akamshika Sekela kamba, akamrudisha zizini kwa Kijivu, akafunga mlango. Sitakudanganya kwamba ng'ombe yule alipona siku hiyo. Jioni alisimama tena, ila safari hii ndani ya zizi, ubavu umeegemea ubavu wa dada yake.

Beatrice alikuwa amepiga magoti upande wake wa kaburi. Kati yake na binti yake kulikuwa na udongo tu. Hakujaribu kumgusa.

"Tumpale," alisema. Mwaka mzima hakumwita jina bila kupitia kwangu. "Sikukuficha kwa sababu ya mitihani. Hayo ya mitihani niliwaambia wazee tu. Mimi siku ile nilikuwa sina mume, bibi yako hana mtoto, Reubeni hana kaka. Ulipopiga simu nikakusikia unamsema baba yako kama mtu aliyepo. Ni wewe tu duniani uliyekuwa bado naye. Nilitaka awepo mahali. Hata kwa siku hizo chache, awepo kwako."

Tumpale hakuinua uso. Fundi aliondoka polepole na mwiko wake. Nilifikiri atasema, "Bibi, mwambie Mama..." na nilikuwa tayari nimevuta pumzi ya kuvusha mzigo huo kama mingine yote.

Lakini aliliondoa koti usoni. Udongo ulikuwa umemganda kwenye machozi, pua ile ya Lugano imevimba. Akamtazama mama yake moja kwa moja.

"Mama," akasema. "Nilitaka mniite. Ningefeli. Ningefeli tu, Mama, ningerudia mwaka. Nilitaka mniite."